Sumu si ya Chura, ni ya Msitu

Mgeni akiingia kwenye chumba chetu cha vyura, hakawii kuuliza: "Ndiye huyu anayeua watu kumi?" Anamwonyesha chura wa dhahabu, Phyllobates terribilis, aliyetulia juu ya jani nyuma ya kioo, manjano tupu kama embe bivu. Hapana, si huyu. Huyu kazaliwa kizuizini, kalelewa kwa inzi wa matunda na nyenje wa kufugwa, na ngozi yake haina sumu ya kumdhuru mtu. Hata glavu tunazovaa tukimshika ni za kumkinga yeye na mikono yetu.

Mwenzake aliyeko msituni, pwani ya Pasifiki ya Kolombia, ni habari nyingine. Inakadiriwa kwamba sumu iliyo ngozini mwa chura mmoja, kama miligramu moja hivi, yatosha kuua watu kumi. Waembera, wenyeji wa msitu huo, walikuwa wakisugua ncha za vishale vyao mgongoni mwake, kisha wakivipuliza kwa bomba refu wakiwa mawindoni. Hapo ndipo ukoo mzima, wenye spishi karibu 200, ulipopatia jina la vyura wa mishale, ingawa waliotumika kwa kazi hiyo ni spishi chache mno.

Kinachowatofautisha hao wawili ni mlo. Sumu hizi chura hazitengenezi mwenyewe, huziokota. Chini ya miti mikubwa, katika majani yaliyolundikana na kuoza, wamejaa sisimizi, utitiri na mbawakawa wadogo wenye kemikali kali mwilini. Chura huwala bila kudhurika, na kemikali zile huzihifadhi kwenye tezi za ngozi.

Kisa cha Ekuador kinaonyesha jambo hili vizuri. Mwaka 1974 mwanakemia John Daly na mwenzake Charles Myers walikusanya ngozi za chura mdogo, Epipedobates anthonyi. Ndani yake mlikuwa na kemikali iliyotuliza maumivu ya panya maabara karibu mara 200 kuliko mofini. Daly aliporudi mwaka 1976 kutafuta nyingine, mahali pamoja alikuta msitu umegeuzwa shamba la migomba. Vyura walikuwepo, tena wengi, ila ngozini mwao ile kemikali haikuwemo. Muundo wake ulikuja kufahamika mwaka 1992, na ikaitwa epibatidini. Nikisikia mtu anasema spishi fulani "bado ipo", huwa naikumbuka migomba hiyo.

Wapo wanaotegemea msitu hata kwa malezi. Oophaga lehmanni, mweusi mwenye mikanda myekundu au ya chungwa, anaishi Kolombia magharibi, katika eneo la bonde la Anchicayá, na yuko hatarini kabisa kutoweka. Mayai yakianguliwa, mama humbeba kiluwiluwi mgongoni akapanda naye mmea hadi kwenye bromelia, jamii ya nanasi, ambayo hukinga maji ya mvua kwenye makutano ya majani. Ndani ya kidimbwi hicho, kidogo kuliko kikombe cha kahawa, hamna cha kula. Kwa hiyo mama hurudi kila baada ya muda kumtagia yai lisilorutubishwa, na mtoto hulila. Jina Oophaga lenyewe ni Kigiriki, maana yake mla mayai. Mti ukiangushwa, vidimbwi vyote vilivyoning'inia juu yake vimekwenda nao.

Magendo nayo yamewamaliza, kwa sababu wafugaji wa ng'ambo hulipa vizuri kwa rangi zao. Tangu 1987 mkataba wa CITES unadai kibali katika biashara ya vyura hawa kati ya nchi na nchi, na kampuni ya Tesoros de Colombia huwazalisha na kuwauza kihalali ili kuwaondolea soko majangili. Naiunga mkono, lakini anayezaliwa kwenye sanduku hazibi pengo la msituni.

Watanzania tunalijua hilo kwa chura wa Kihansi. Maji ya mto yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme mwaka 2000, rasharasha za maporomoko alizozitegemea zilikauka. Vyura 499 walisafirishwa hadi Marekani wakazaliana huko, lakini kuanza kuwarudisha nyumbani kulisubiri hadi 2012, na ilibidi korongo la mto lifungiwe mabomba ya kunyunyizia maji.

Huko Kolombia bado msitu upo wa kuokolewa. Shirika la ProAves lilitenga hifadhi ya chura wa dhahabu karibu na Timbiquí, lakini ni eneo dogo, na jirani zake ni wachimba dhahabu wanaomwaga zebaki mitoni, mashamba ya koka, mmea wa kokeini, na misumeno ya wakata mbao. Sehemu kubwa ya msitu wa pwani hiyo ni ardhi ya pamoja ya Waembera na jamii nyingine za wenyeji, pamoja na Wakolombia wenye asili ya Afrika, ambao Sheria namba 70 ya mwaka 1993 iliwapa haki ya hati. Mtu akiniuliza achangie wapi, namwambia atafute kwanza wanaowasaidia watu hao kulinda mipaka ya ardhi yao.