Kivuli si cheusi: dhana potofu kuhusu picha za kuchora

"Picha nzuri ni ile inayofanana na ya kamera." Jicho lenyewe halifanyi kazi kama kamera. Sehemu linayoiona kwa ukali ni ndogo, kama upana wa kidole gumba ukinyoosha mkono. Kwingine kote ni ukunguukungu, na ubongo unajazia. Pita Mtaa wa Kongo, Kariakoo: macho yanaruka kutoka kwenye madera yaliyotundikwa hadi kwenye mkokoteni unaokujia, na umati wote unabaki madoa ya rangi. Mchoraji akiukuza mkokoteni na kuwavuruga watu hajakosea. Amechora anavyoona mtu anayekwepa kugongwa.

"Kivuli ni cheusi." Hii imeharibu kazi nyingi za wanaoanza, na ukiwaambia wanabisha. Tazama kivuli cha bajaji saa saba mchana kwenye mchanga mweupe. Jua limezibwa, lakini mwanga wa anga bado unafika pale, ndiyo maana kivuli kinaelekea bluu. Bajaji ikiegeshwa karibu na ukuta wa njano wenye jua, kivuli nacho kinachota unjano kidogo. Hatuvioni hivi kwa sababu ubongo unasawazisha rangi: kanzu nyeupe tunaiita nyeupe asubuhi na magharibi, ingawa mwanga umeshageuka. Toboa tundu dogo kwenye karatasi nyeupe, chungulia kivuli kupitia hapo, utaiona rangi yake. Monet, mchoraji wa Ufaransa, alilishughulikia jambo hili haswa: kati ya 1892 na 1894 alichora kanisa kuu la Rouen katika picha zaidi ya 30. Jengo lilelile, kilichobadilika ni saa na hali ya hewa.

"Bahari ni bluu." Mvua za masika zikinyesha, nenda ufukwe wa Coco Beach, Dar, ukaangalie kama ni bluu kweli.

"Tingatinga ni sanaa ya mababu, na ni wanyama tu." Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliuanza mtindo huu wa uchoraji hapahapa Dar mwaka 1968, akitumia vibao vyembamba na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Alifariki 1972. Waliomfuata walichora pia hospitali, masoko, mabasi, hata waganga na wateja wao. Nyingi ya picha hizo hazina kivuli kabisa, maana mchoraji anapanga vitu kama anavyovijua, hazingatii jua liko wapi. Ukifika Morogoro Stores, Oysterbay, zinakouzwa picha hizi, waambie wauzaji wakutolee zile za maisha ya mjini. Zile za twiga zimewekwa mbele kwa sababu watalii ndizo wanazoulizia.