Je, hakimu anaweza kushtakiwa kwa kumpa mtu dhamana?

Mshukiwa anaachiliwa kwa dhamana, na kabla ya kesi yake kusikizwa anakamatwa tena kwa kosa baya zaidi. Wananchi huuliza papo hapo: mbona hakimu aliyemwachilia hashtakiwi?

Nchini Kenya, Kifungu cha 160(5) cha Katiba ya 2010 kinawakinga majaji na mahakimu wasishtakiwe kwa jambo walilolitenda au kuliacha katika kazi halali ya mahakama, mradi walikuwa na nia njema. Hongo haimo humo. Hakimu aliyelipwa ili amfungulie mtu hukabiliwa na mashtaka ya ufisadi kama raia mwingine yeyote.

Kinga hiyo ina sababu. Kifungu cha 49 kinampa kila aliyekamatwa haki ya dhamana yenye masharti yanayofaa, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumzuilia. Hakimu basi anapima mambo ambayo hayajatokea: huyu atatoroka? Atawatisha mashahidi? Lau angelipa kutoka mfukoni mwake kila anapokosea, salama yake ingekuwa kumpeleka kila mtu rumande. Na hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo lenyewe. Anayeachiliwa akaua, nchi nzima inajua. Anayenyimwa dhamana bila sababu ya maana, au anayetajiwa kiasi ambacho ukoo wake wote hauwezi kukichanga, hupoteza kazi na watoto wake huacha shule, kisha mahakama humwona hana hatia. Kosa hilo halifiki kwenye taarifa ya habari, ingawa ni kosa vilevile.

Tena shinikizo si la maneno tu. Juni 2024, katika mahakama ya Makadara, Nairobi, ofisa wa polisi alimpiga risasi Hakimu Mkuu Monica Kivuti, muda mfupi baada ya hakimu huyo kufuta dhamana ya mke wa ofisa huyo. Kivuti alifariki kutokana na majeraha.

Kwa hiyo kinachowajibishwa kwanza ni uamuzi. Mahakama Kuu inaweza kuamuru mshtakiwa aliyenyimwa dhamana aachiliwe, au kiasi kipunguzwe. Upande wa mashtaka nao unaweza kuomba dhamana ifutwe. Mwenendo wa hakimu mwenyewe hupelekwa kwa Tume ya Huduma za Mahakama, yenye uwezo wa kumwadhibu hata kumfuta kazi. Jaji huondolewa kupitia jopo maalumu linaloundwa na Rais baada ya tume hiyo kumwomba. Lakini tume si mahakama ya rufaa: kutoridhika na uamuzi pekee hakutoshi.

Tanzania Bara hali ni tofauti. Kwa makosa kama mauaji, uhaini na utakatishaji fedha, sheria yenyewe inakataza dhamana. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema katazo hilo linakiuka Katiba, na mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Hakimu wa huko hana cha kupima katika makosa hayo. Mwenye uwezo wa kubadili hali ni Bunge.