Anwani ya mteja ni ya nani hasa?

Jamani hili la "anwani ya mteja" ngoja nilisemee, maana kila mara nakutana na mtu kaandika seva yake ndogo, kaprinti IP (anwani ya mtandao) ya aliyeunganisha, kaona 127.0.0.1, yaani anwani ya mashine hiyohiyo, halafu anasema soketi, ile ncha ya mawasiliano ambayo programu inaitumia, inadanganya. Haidanganyi.

Kwa kifupi, seva ikiita accept, yaani kupokea konekshen iliyokuja, inapata soketi mpya pamoja na IP na poti (namba inayotofautisha konekshen kwenye mashine moja) ya upande wa pili. Kwenye Python vinarudi pamoja, kwenye C unaipa nafasi ya sockaddr (chombo cha kuwekea anwani) inakujazia, na kama uliacha unaweza kuuliza baadaye kwa getpeername. Basi.

Sasa liangalie hilo jina getpeername. Lilikuja na 4.2BSD, mfumo endeshi wa Unix wa Chuo cha Berkeley, mwaka 1983, na hakuna neno client hapo, kuna peer, asili yake Kilatini par, yaani sawa, watu wa daraja moja. Kiswahili chake mimi nasema mwenzio. Na ni sahihi kabisa, sababu konekshen ya TCP ikishasimama haina mkubwa wala mteja, ina ncha mbili tu, kila moja inatuma, inapokea na inaweza kufunga. Nani mteja nani seva hayo ni mambo ya programu yako, soketi haiyajui. (Hata hilo name linapotosha, hupewi jina lolote, unapewa anwani.) Halafu ipo getsockname, hiyo ni anwani ya ncha yako wewe, watu wanazichanganya na hawashtuki kwa sababu wakijaribu kwenye mashine moja zote zinatoa 127.0.0.1, ukitazama poti ndo utaona tofauti.

Kwa hiyo ukiweka proksi (programu inayopokea maombi na kuyapeleka kwa seva) mbele ya seva, mwenzio ni proksi, na kama iko mashine hiyohiyo ndo hiyo 127.0.0.1 unayoilalamikia. Watu kumi nyuma ya ruta moja yenye NAT, yaani inayowatoa wote nje kwa anwani moja, wanakuja na IP moja, poti tofauti. Na X-Forwarded-For mnayoikimbilia ili mpate IP ya mteja aliye nyuma ya proksi ni maandishi ndani ya heda ya HTTP, yeyote anaweza kuyatunga, cha kuamini ni kile proksi yako yenyewe imeongeza mwishoni, siyo ile IP ya kwanza kushoto ambayo wengi wanaichukua.

Kwa hiyo ndugu yangu, kwenye logi yako usiandike "mteja", andika "upande wa pili", na ile iliyotoka kwenye heda iweke safu yake peke yake.