Andika jambo moja jema lililotokea leo

Wengi wanaofika kwenye kitengo chetu cha ushauri nasaha wamekwisha kujaribu kubadili maisha yao, na zaidi ya mara moja. Januari mtu anaamka saa kumi alfajiri, anasali, anakimbia, anaandika malengo. Februari haijaisha, yote yamelala, naye anajiita mvivu. Mimi siuoni uvivu hapo. Alibeba mengi kwa mpigo, na hakuna hata moja lililopewa mahali pake katika siku.

Tabia hujengeka tendo linaporudiwa katika mazingira yaleyale, hadi mazingira yenyewe yawe ndiyo yanayokumbusha. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijizoesha jambo dogo, kwa mfano kula tunda wakati wa chakula cha mchana. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2010, mtu wa katikati, yaani nusu walimtangulia na nusu wakamfuata, alihitaji siku 66 mpaka tendo lije lenyewe. Wengine walihitaji 18 tu, na kuna waliokadiriwa kufikia 254. Kwa hiyo ile kauli inayotajwa kila mahali, kwamba tabia hujengeka kwa siku 21, isimvunje mtu moyo. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa kuruka siku moja hakukuharibu safari. Tafadhali lishikeni hilo, maana watu wengi huacha kabisa kwa sababu ya jana moja waliyosahau.

Sasa tuje kwenye tabia ndogo ninayotaka uijaribu: kuandika mambo ya kushukuru. Mwaka 2003, Robert Emmons na Michael McCullough wa Marekani walichapisha utafiti ambamo wanafunzi waliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10. Kundi moja liliandika mambo ya kushukuru, jingine kero, la tatu matukio ya kawaida. Walioandika ya kushukuru waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi na kuitazama wiki inayofuata kwa matumaini zaidi. Mara moja kwa wiki! Hata mama mwenye watoto wadogo na biashara ya genge anaweza kuipata nafasi hiyo.

Namna ya kuandika ina uzito wake. Ukiandika "nashukuru kwa uzima" kila usiku, baada ya siku chache mkono unaandika huku akili iko kwingine. Andika tukio: "Kijana wa bodaboda alirudi mpaka getini kunipa simu niliyoidondosha." Au: "Binti yangu alinipokea mfuko wa sokoni bila kuambiwa, akaanza kuchambua mchicha." Sentensi za namna hiyo zinakulazimu urudi kwenye tukio, uone nani alifanya nini, na kwamba hakulazimika kulifanya. Kesho yake ukimwambia mhusika, kwa kutaja alichofanya hasa, nyote wawili mtafaidika.

Lakini huwezi kuandika usichokiona, na siku nyingi hutupita macho yakiwa kwenye simu. Chagua kitu unachofanya kila siku bila kukosa. Ukishabandika maji ya chai, acha simu chumbani, simama hapo yachemke. Sikiliza sufuria, jikague mabega kama umeyakaza, vuta pumzi taratibu. Mawazo yakikimbilia kwenye ada au deni, yarudishe bila kujikaripia. Yatakimbia tena, nawe utayarudisha tena. Zoezi lenyewe ndilo hilo.

Shukrani haimtaki mtu ameze uchungu. Aliyefiwa, anayedhulumiwa kazini au kupigwa nyumbani asiambiwe "shukuru, wapo walio na hali mbaya kuliko yako." Anahitaji kusikilizwa na kulindwa. Vilevile, huzuni au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda kukidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuvurugika au hamu ya kula kupotea, huenda ikawa sonona. Ugonjwa huu unatibika, na daftari pekee halitoshi. Nenda kituo cha afya, ueleze hali yako yote. Ukipata mawazo ya kujidhuru, usisubiri wiki mbili zitimie. Mwambie mtu unayemwamini akusindikize hospitali siku hiyohiyo.