Setilaiti haitabiri dhoruba
Kwenye mialo ya Mwanza utawasikia wavuvi wakisema: setilaiti inaona kila wingu, kwa hiyo utabiri ukikosea ni uzembe. Si kweli. Picha huonyesha wingu lilipo sasa. Hali ya alfajiri hukokotolewa na modeli ya kompyuta, ambayo huanza na makadirio ya anga yaliyorekebishwa kwa vipimo.

Ugumu uko hapo. Kwa miaka mingi modeli zilitupa vipimo vingi vya setilaiti vilivyoguswa na mawingu, kwa kuwa vilikuwa vigumu kuvitafsiri. Yaani penye dhoruba ndipo modeli ilipokuwa kipofu! Mwaka 2009 kituo cha utabiri cha Ulaya kilianza kutumia vipimo vya mikrowevu (mawimbi mafupi ya redio yatokayo angani na ardhini) hata penye mawingu na mvua, hatua iliyosaidia pia utabiri wa vimbunga vya baharini. Infraredi, yaani mionzi ya joto, huonyesha kilele cha wingu nene tu. Mikrowevu hupenya ndani.

Ziwa Victoria lina shida yake. Usiku pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji, na radi hukua kwa saa chache. Meteosat, setilaiti za Ulaya za hali ya hewa, hupiga picha kila dakika 10 hadi 15, lakini setilaiti za mikrowevu hupita mara chache kwa siku. Anga angavu la jioni halitoshi kupuuza tahadhari ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.