Yanayosemwa Juu ya Kuku na Yanayoonekana Uani

Anayenunua kuku wake wa kwanza, tuseme mitetea watano na jogoo mmoja kutoka mnadani, huanza kupewa ushauri kabla hata hajawafungua kamba. Mwingi ni mzuri: funga banda kabla ya giza, weka maji kivulini, usiwape pumba iliyovunda. Ila mazungumzo yakifika kwenye tabia za kuku, watu husema walichosikia badala ya walichoona, na mfugaji mpya huishia kuingilia pasipomhusu na kunyamaza pale anapohitajika.

"Kuku ni kuku tu, wote sawa, akili hawana"

Kaa uani jioni, uwatazame bila kufanya lolote. Yuko atakayekuja mbio akiona bakuli. Yuko atakayengoja mwenzake aonje kwanza. Na yuko ambaye hata umshikie dagaa hatausogelea mkono wako. Ugeni ukiisha, tofauti hizo hubaki. Ukoo nao una sehemu yake: kuchi, wale warefu wa miguu na shingo, wana damu ya mapigano na hawavumilii kusukumwa, wakati Sasso, kuku wa kisasa wa nyama na mayai, kwa kawaida ni watulivu. Hata hivyo, ndani ya ukoo mmoja, vifaranga wa mama mmoja hukua kila mmoja na hulka yake.

Kuhusu akili, watafiti wa Italia walionyesha mwaka 2009 kwamba vifaranga wa siku tatu au nne tu waliweza kufuatilia vitu vikifichwa nyuma ya pazia mbili, vingine vikihamishwa toka pazia hili kwenda lile, na bado wakaelekea upande wenye vitu vingi zaidi. Kiumbe wa namna hiyo anajua pia nani humletea mtama na nani humfukuza kwa fagio.

"Wanadonoana kwa sababu wanachukiana"

Hili ndilo huwatisha zaidi wanaoanza, na ndilo linalostahili kueleweka vizuri. Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyekuwa akiwatazama kuku tangu utotoni, alichapisha mwaka 1922 maelezo ya alichokigundua: kila kundi lina ngazi ya vyeo. Wa juu humdonoa yeyote, wa pili humdonoa kila mtu isipokuwa wa juu, hivyo hivyo hadi wa mwisho ambaye hudonolewa na wote. Kila kuku anamtambua mwenzake na anajua nafasi yake mbele yake.

Ngazi hiyo huleta amani. Ikishapangwa, ugomvi mwingi huisha kwa jicho kali au shingo iliyonyooshwa, na wa chini hupisha bila kuguswa. Mfugaji anayekimbilia kumtetea mnyonge kila anapodonolewa, au anayewatoa na kuwarudisha kuku kila mara, anaivuruga ngazi, na vita huanza upya.

Kazi yako ni kuhakikisha wa chini anakula. Wahenga walituonya tusimwage mtama penye kuku wengi, na bandani onyo hilo lina maana ya moja kwa moja: ukimwaga chungu moja mahali pamoja, wakubwa wawili wataizingira. Sambaza mtama mbali, weka vyombo vya chakula viwili au vitatu vilivyoachana, na chupa za maji vivyo hivyo. Panga vijiti vya kulalia vitakavyowatosha wote, kwani usiku ndipo wa chini husukumwa hadi sakafuni.

Kuna mpaka, hata hivyo. Damu ikionekana, mtenge aliyejeruhiwa siku hiyo hiyo, maana rangi nyekundu huwavuta wengine waendelee kudonoa hata ambao hawakuwa na ugomvi naye. Kisha tafuta chanzo. Mara nyingi ni banda kubana, joto, au chakula kisicho na protini ya kutosha.

"Kuku mgeni mfunge kamba, atazoea"

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kweli kamba humzuia asirudi alikotoka. Tatizo ni kwamba humzuia pia kukimbia. Wenyeji watakuja kumpima, na aliyefungwa hana njia ya kuonyesha kwamba amekubali cheo cha chini, kwa sababu kukubali ni kuondoka. Hudonolewa papo hapo alipofungwa.

Mpe kizimba chake. Kwanza kiwe mbali na wengine kwa angalau wiki mbili, ili kama amebeba maradhi yaonekane kwake peke yake. Baada ya hapo kisogeze karibu na banda, waonane kupitia wavu kwa siku kadhaa. Kumchanganya, ni afadhali kuleta wageni wawili kuliko mmoja, na kuwaweka kwenye vijiti usiku wakati kuku hawaoni vizuri. Asubuhi watadonoana bado, lakini kwa kiasi.

"Bila jogoo hakuna mayai, na jogoo huwika kwa kuwa ameona mwanga"

Mtetea hutaga bila jogoo. Mayai hayo hayataanguliwa, basi. Na kuwika? Watafiti wa Nagoya, Japani, waliwaweka majogoo kwenye mwanga hafifu usiobadilika, wakaendelea kuwika kwa ratiba yao: wana saa ndani ya mwili. Mwaka 2015 waliongeza jambo linalopendeza zaidi: majogoo wakiwa pamoja, wa cheo cha juu huanza, wengine hufuata kwa zamu ya vyeo vyao, na akiondolewa wa juu, wa pili ndiye huanza. Kwa hiyo jogoo la shamba lisilowika mjini huenda linajua tu nani mwenye mji. Usiliuze kwa wiki moja ya ukimya.

"Mtoto wa kuku hafundishwi kuchakura"

Kuchakura amezaliwa nako. Kuchagua cha kula hufundishwa. Mama hulia kwa sauti fupi za haraka, huokota punje na kuidondosha mbele ya vifaranga. Huko Bristol, Uingereza, utafiti wa mwaka 1996 ulionyesha kwamba mama aliyeona vifaranga wakila chakula ambacho yeye amejifunza ni kibaya, aliongeza wito na kuchakura ili kuwavuta kwenye kile kizuri. Ndiyo maana vifaranga wa kununua, wasio na mama, huhitaji wewe ugonge kidole kwenye chombo na kuwachovya midomo majini siku ya kwanza.

"Anagaragara mchangani, ana kifafa"

Anaoga vumbi. Hupunguza chawa na mafuta ya ziada kwenye manyoya. Mwachie majivu na mchanga mkavu.

"Siku hizi amekuwa mpole, amenizoea"

Mazoea huja polepole, wiki baada ya wiki. Mtetea aliyekuwa akikukimbia juzi na leo anakubali kushikwa, macho nusu yamefumba, manyoya yamevimba, huyo anaumwa. Kuku huficha ugonjwa mpaka nguvu ziishe, kwa kuwa anayeonekana dhaifu hupoteza cheo. Mtenge mara moja, tazama kinyesi na upanga wake wa kichwani, muone mtaalamu wa mifugo. Kinyesi cha kijani, kuhema kwa shida na shingo kupinda ni dalili za mdondo (ugonjwa wa Newcastle), unaoweza kufagia banda zima ambalo halijachanjwa. Chanjo ya mdondo iitwayo I-2 ni tone moja jichoni kwa kila kuku, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu, na hupewa kuku wazima tu. Aliyekwisha kuugua haimtibu.