Lafudhi: kwa nini Rukia anaandikwa Lukia

Kuna sentensi mbili zinazonikera, na hazipiti siku nyingi bila kusikika. Ya kwanza ni ya kusifu: "Fulani anazungumza Kiswahili safi, hana lafudhi." Ya pili ni ya kusahihisha: "Lukia? Hiyo lafudhi tu, jina ni Rukia." Zote mbili zinalitumia neno lafudhi kana kwamba ni jina la ugonjwa, wengine wakawa nao na wengine wakaponea.

Lafudhi ni namna mtu anavyozitoa sauti za lugha, kiasi cha kumfanya msikilizaji abahatishe alikokulia au lugha iliyomlea. Basi. Kila anayefungua kinywa anayo. Mtu wa Mji Mkongwe anayo, ila kwa kuwa tumezoea kuiona kama kipimo, hatuisikii. Na isichanganywe na lahaja. Mtu wa Lamu akisema "mato" kwa macho na "ndia" kwa njia, hiyo ni lahaja: ndivyo maneno yenyewe yalivyo kwao, tangu enzi za mababu, na wana sarufi na msamiati wa kwenda nayo. Msukuma akisoma neno "rafiki" limeandikwa wazi mbele yake, likatoka "lafiki", hiyo ni lafudhi: neno ni lile lile la Kiswahili Sanifu, kilichobadilika ni sauti. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, ulikuwa unachagua kati ya lahaja. Kuhusu lafudhi ulikuwa hauna la kufanya, maana mtoto wa Shinyanga na mtoto wa Kisii wangesoma kitabu kimoja kila mmoja kwa sauti ya kwao.

Mkanganyiko una asili yake. Maneno yote mawili yametoka kwenye Kiarabu, na huko hayakugawana kazi hivi. Lahja ya Waarabu hubeba yote mawili, lahaja na namna ya kutamka. Lafdh, kwa upande wake, ni tamko au neno lililotamkwa, na kitenzi chake maana yake ni kutupa kitu nje ya kinywa; wanasarufi wao wa zamani walipenda mfano wa mtu aliyekula tende akaitema kokwa. Waswahili ndio waliochukua maneno hayo mawili na kuyapa mipaka: hili liwe la lugha ya eneo, hili liwe la sauti ya msemaji. Ni mgawanyo mzuri na inasikitisha kuuona unaharibiwa.

Mtazame sasa lafdh huyo alivyoingia Kiswahilini. Konsonanti mbili zilizoshikana hazikukaa vizuri mdomoni, ikachomekwa u katikati, na i ikawekwa mwishoni ili neno lisiishie hewani: lafudhi. Watu wengi wa bara wakaligeuza tena, wanasema "lafuzi", kwa kuwa lugha walizoanza nazo hazina dh. Neno lenyewe linaumwa na kile linachokieleza.

Majina ya watu yamepita njia hiyo hiyo, na hapo ndipo mambo yanakuwa matamu. Zanzibar utamkuta Rahma, bara utamkuta Rehema. Ni neno moja la Kiarabu, na leo ni majina mawili. Mama anaweza kuwa na binti Rahma na mpwa Rehema na asione kwamba amerudia. Fatima wa vitabuni alishakuwa Fatma katika mazungumzo ya Waarabu wenyewe, Zanzibar wakamwacha hivyo, bara wakamchomekea u akawa Fatuma. Kinyume chake ni Salma na Salima. Hao Kiarabuni ni wawili tangu mwanzo, ingawa mzizi wao ni mmoja. Ila mtu asiyeweza kuacha l na m zigusane atamwita Salma "Salima", na kuanzia hapo majina mawili yamekuwa moja sikioni. Kwa hiyo uchomekaji ule ule wa irabu umezaa jina jipya upande mmoja na umemeza jina upande wa pili.

Kh nayo imefanya yake. Unguja na Pemba ni Khamis, Khadija, Khalid. Bara ni Hamisi, Hadija, Halidi. Ukienda Maniema, mashariki ya Kongo, ambako Uislamu uliingia na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, Tippu Tip akiwa mmoja wao, hata ile h imekwisha kuondoka: ni Amisi. Athumani wa Tanga kule ni Asumani, na Ramadhani ni Ramazani. Kifaransa cha ofisini, ambacho h yake haitamkwi na th yake ni t tu, hakikuwa na msaada wa kuzirudisha. Ukisikia mtu anamcheka Mkongo kwamba "hajui kusema Ramadhani", mwambie aanze kwa kucheka Hamisi wake mwenyewe, aliyepoteza kh njiani.

Kwenye maneno ya kawaida, sentensi huokoa. Mtu akikuambia "nimeenda kura chakula", huhitaji kamusi. Jina halina sentensi ya kuliokoa. "Naitwa Lukia" haikupi kitu cha kushikilia isipokuwa sauti yenyewe, na sauti hiyo inapita kwenye lafudhi ya msemaji, kisha inapita kwenye lafudhi ya sikio la anayeandika. Hilo la pili husahaulika sana. Karani naye amelelewa na lugha fulani. Zaidi na Saidi ni majina mawili tofauti kabisa, lakini Kijaluo hakina z, na Mjaluo asiyezoea sauti hiyo atayafanya yote Saidi, iwe kwa kutamka au kwa kuandika alichosikia. Hakina sh pia, ndiyo maana Asha wa Kisumu anaweza kuitikia "Asa".

Chukua Raila na Laila. La kwanza Wakenya hawahitaji kuelezwa, la pili ni jina la kike la Kiarabu, la usiku. Msukuma, ambaye lugha yake imejengwa juu ya l, yote mawili yatamtoka Laila. Mkikuyu au Mkurya, ambao lugha zao zina r na hazina l, yote mawili ni Raira. Mganda sasa, fuata kanuni ya lugha yake, yote mawili ni Laira. Huyo wa mwisho ndiye anayeniudhi kwa niaba yake, kwa sababu watu husema ana "ulimi mzito", hawezi kutofautisha r na l. Anaweza, na anazitamka zote mbili kila siku. Katika Luganda r huja baada ya e na i, kwingineko ni l. Basi Eliya kwao ni Eriya, Elisha ni Erisa, lakini Mariamu ni Malyamu na Sara ni Saala. Ulimi wake unafanya kazi kwa mpango kuliko wetu. Waliosoma Kiswahili kidato cha tano watakumbuka msamiati: kwetu r na l ni fonimu mbili, kwake ni alofoni za fonimu moja. Kwa lugha ya nyumbani: sikio lake halijafundishwa kwamba kubadili moja kwa nyingine kunabadili mtu anayeitwa. Nasi pia tuna masikio ya hivyo. Mwarabu anasikia h mbili tofauti, ile ya Hasan na ile ya Harun, sisi tunaandika moja na kulala usingizi.

Nchini Kenya kuna kitenzi cha mtaani cha kuyacheka haya yote, "kushrabu", yaani kuzungumza kwa lafudhi ya lugha ya mama, na Tanzania tuna wachekeshaji wanaoishi kwa kuigiza Wasukuma na Wakurya. Sina ugomvi na kicheko, mimi mwenyewe hucheka. Ugomvi wangu ni na yule anayegeuza kicheko kuwa usahihisho wa jina la mtu.

Lafudhi ni jambo la sauti, na linaishia pale sauti inapoishia. Baba Msukuma alipotamka "Lukia" mbele ya mwandikishaji, hiyo ilikuwa lafudhi. Mwandikishaji alipoandika L, cheti kikatoka na L, binti akaenda shule na L, akaolewa na L na kuzika wazazi kwa L, hilo si lafudhi tena. Hilo ni jina. Kwamba asili yake ni Ruqayya wa Kiarabu ni kweli, kama ilivyo kweli kwamba asili ya Asha ni Aisha, na hakuna anayemsimamisha Asha njiani kumwambia amekosewa. Malyamu wa Masaka hajashindwa kusema Mariamu. Anaitwa Malyamu, na ndivyo anavyoandikwa Mariamu katika Biblia ya Kiganda.

Na madhara yake si ya mdomoni tu. Mwalimu mwenye nia njema "anarekebisha" Lukia kuwa Rukia kwenye fomu ya mtihani, cheti cha shule kinatoka na herufi moja isiyofanana na cheti cha kuzaliwa, na miaka baadaye mtu mzima anatafuta wakili wa kumwapisha kwamba Rukia na Lukia ni yeye huyo huyo. Wasimamizi wa mirathi na mafao wanayajua mafaili haya.

Kwa hiyo badala ya "hana lafudhi", sema "ana lafudhi ya Unguja", kama ndiyo unayoisikia. Na mtu akijitambulisha kwako kama Lukia, muulize kwanza linaandikwaje. Akisema kwa R, andika R, umsamehe l yake. Akisema kwa L, andika L.